Kwenda Lobito na Mukwe

Nyinyi watu wa depo hamna huruma. Tangu nirudi, kila asubuhi kabla hata sijavua koti mnaniuliza: "Kapita, kazi iko ao haina?" Nikisema iko, mnauliza kwa nini basi nimerudi. Nikisema haina, mnanong'onezana kwamba kapita, mkubwa wenu wa kazi, anaficha. Nimechoka. Naandika yote mara moja, anayejua kusoma amsomee mwenzake, na baada ya hapo mtu asiniulize tena nikiwa na gunia mgongoni.

Mnayoyajua nayaruka haraka. Mnajua jinsi ile mashine ya meno mawili ilivyoingia depo ikaanza kuinua peke yake mzigo tuliokuwa tunauinua ekipi nzima huku tukiimba. Mnajua habari iliyoletwa na madereva, kwamba huko Lobito, kwenye bahari ya Angola, kuna mkandarasi anayepakia shaba ya kwetu kwenye meli, na anatafuta watu wawili wa Kolwezi waliokwisha kuizoea. Bamba za shaba zikifungwa na mtu asiyezijua zinateleza, na zikiteleza zinakata mguu. Mnajua pia tulivyokubaliana: kapita atangulie, akipita atavuta wengine, mmoja mmoja, mpaka ekipi yote ihamie bandarini. Kwa hiyo sikubeba tumbo langu peke yake. Nilibeba na yenu.

Wa pili mliyemchagua alikuwa mukwe wangu, tata wa bibi yangu, yaani baba wa mke wangu, yule mzee wa mtaa wa Kapata aliyefunga mizigo ya kampuni tangu ujana mpaka kampuni ilipomrudisha nyumbani. Jina lake mnalijua, mi sitaliandika. Mtu hamtaji mukwe wake, hata kwenye karatasi. Mlisema hakuna anayejua kamba kama yeye, na mlisema kweli. Mlicheka pia, nawakumbuka vizuri, maana mlijua ninaenda kuteseka.

Kwa vijana wetu waliotoka mbali na hawaijui desturi yetu sisi watu wa kaskazini, nieleze kidogo. Mwanamume hali chakula mbele ya tata wa bibi yake. Halali naye chumba kimoja, hamgusi, hamkazii macho, na neno lenye uzito analipitisha kwa bibi. Siku akipeleka mbuzi ukweni na wakamla pamoja, haya ya chakula na ya maneno inaisha. Mi mbuzi huyo nilimuahidi tangu Ngoyi wangu azaliwe, na Ngoyi leo anaota ndevu. Kila mwaka nilikuwa na sababu mpya. Lakini kuna jambo moja ambalo hata mbuzi haliondoi, nalo ni kuuona uchi wa mukwe wako. Hilo ni la laana, na hakuna anayelifanyia mzaha.

Kolwezi mpaka Kasaji, juu ya chumvi

Tulipata nafasi kwenye kamioni ya chumvi na sabuni. Dereva alikuwa mtu wa Kinshasa, Freddy, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Alitufungulia mlango wa kabini, tupande wote wawili. Kabini ile ilikuwa na kiti kimoja kirefu. Nikaona mbele yangu siku nzima ya bega langu kugongana na bega la mukwe kwenye kila shimo la barabara, nikasema hapana, mi napenda hewa. Nikapanda juu ya magunia.

Mvua ilinikuta kabla ya Mutshatsha. Ninyi mnaijua mvua yetu, haina salamu. Nilikaa juu ya chumvi nimejifunika turubai, chumvi inayeyuka inanichoma makalio, na chini yangu nasikia Freddy anamsimulia mukwe wangu mambo ya wanawake wa Kinshasa. Nilimhurumia mzee. Mambo yale hayasikilizwi na mtu anayejua mukwe wake yuko juu yake.

Baada ya Mutshatsha kamioni ilizama. Tope lilifika kwenye ekseli, na magari mengine yalikuwa yamezama mbele yetu, kwa hiyo hata kama tungetoka tusingeenda popote. Tulikaa pale mpaka nikaanza kuwajua kwa majina mama waliokuja kutuuzia uyoga. Uyoga wa huko ni mpana kama sahani, na mama mmoja alitupikia kwa karanga na bukari moto, ule ugali wetu. Nilichukua sahani yangu nikazunguka nyuma ya kamioni. Mzee alibaki mbele, amegeukia msituni. Tulikula hivyo kila siku, gari zima likiwa katikati yetu.

Freddy alituangalia, akatuangalia, mwishoni akashindwa kuvumilia. Alidhani tuna ugomvi wa shamba. Siku moja akanunua bia mbili kwa gharama yake, akatukalisha chini ya turubai moja, akaanza kutuhubiria habari za ndugu kusameheana. Alisema njia ni ndefu, mauti hayana taarifa, na wanaume wawili wazima wasinuniane kwa ajili ya udongo. Mukwe wangu akainuka taratibu, akaenda kusimama kwenye mvua upande wa kushoto. Mi nikainuka, nikasimama kwenye mvua upande wa kulia. Freddy alibaki peke yake na bia zote mbili, akatikisa kichwa, akazinywa. Nilipomweleza baadaye kwamba yule si adui yangu bali ni mukwe wangu ninayemheshimu kuliko watu wote, alisema kama hiyo ndiyo heshima, basi yeye anashukuru bibi yake kumdharau.

Tulicheka sana. Sasa hivi sicheki tena nikilikumbuka neno lile, lakini wakati ule nilicheka.

Kisenge na Dilolo

Kisenge tulisimama kwa sababu ya gurudumu. Nilitembea mpaka kwenye malundo ya manganizi, nikakuta wenzetu wa kazi wamekaa kivulini wanacheza karata. Walisema mawe yapo, mikono ipo, wanangoja mabehewa. Waliposikia tunaenda bandarini walisogea wote. Mmoja wao, mtu mzima mwenye shingo nene kama zetu, aliuliza kama huko mtu bado anabeba kwa mgongo. Nilimjibu sijui. Akasema nikijua nimpelekee habari. Wakati wa kurudi nilipita Kisenge nimelala, au niseme ukweli, nilijifanya nimelala.

Dilolo ilinipa mawazo. Nilitegemea kukuta mji wa mpakani umejaa wapakiaji, maana treni ya shaba inapita pale kuelekea Angola. Treni niliiona. Ilikuja, ndefu, imebeba mzigo ambao labda sisi wenyewe tuliupakia, ikasimama kidogo, ikaondoka. Hakuna mlango uliofunguliwa, hakuna mkono ulioigusa. Chini ya reli mama walikuwa wanavusha maharage na samaki kwa vichwa vyao. Nilisimama nikaiangalia mpaka ikapotea, na roho iliniuma. Shaba yetu siku hizi inatoka Kolwezi mpaka baharini bila kumlisha mtu njiani.

Hapo ndipo tulipompata Mama Tchilombo, muuza samaki wakavu, mwenye dada yake Lobito. Anajua Kichokwe, Kireno, Kifaransa na Kiswahili chetu, na anazisema zote kwa sauti moja ya sokoni. Yeye hakuhitaji kuelezwa bukwe. Alituona tu tumekaa tumepeana mgongo, akajua ni mambo ya wakwe, akasema: "Bakwe haba. Basi mi njo kinywa yenu mpaka Lobito." Tangu dakika ile maisha yalikuwa mepesi. Nikitaka kujua kama mzee ameshiba, namuuliza mama. Mzee akitaka kujua kama nimelala vizuri, anamuuliza mama. Tulimchosha, lakini hakulalamika.

Kwa treni mpaka baharini

Treni ya abiria, tuliyoipandia Luau upande wa Angola, ilichelewa, tena ikachelewa kuondoka baada ya kufika. Watu wa kule hawagombani na treni. Wanatandika kitenge wanalala. Mi na mzee tulikaa behewa tofauti, na Mama Tchilombo alikaa kwenye mlango wa katikati na vikapu vyake, harufu ya samaki ikitutambulisha kwa abiria wote.

Safari ile ni ndefu, ndugu zangu. Unalala, unaamka, bado ni Angola. Watu wanapanda na kuku, wanashuka na kuku. Niliuziwa kitu nilichodhani ni bukari, kumbe wao bukari yao ya muhogo inavutika kama gundi, na mama mmoja alicheka mpaka akashika mbavu akiona ninavyoitafuna. Haitafunwi, inamezwa. Nimewaambia mapema, mkienda msiaibike.

Huko kwenye milima katikati ya nchi kuna baridi ambayo sisi hatuijui. Mzee alikuwa na shati tu. Nilivua koti langu, lile la depo, nikampa mama ampelekee. Mama akarudi na asali kwenye kopo, mzee alikuwa ameinunua dirishani. Kisha akaja tena na ujumbe: "Anasema koti inanukia kazi." Nilifurahi kwa neno lile mpaka asubuhi.

Tulifika mchana. Mzee alishuka, akaenda moja kwa moja mpaka pale maji yanapoanza, akasimama sana. Sisi wote tulijua ilikuwa mara yake ya kwanza. Baadaye alimwambia Mama Tchilombo aniambie kwamba ni kama ziwa la Nzilo, ila walisahau kuweka ng'ambo.

Bandarini

Sasa lile mnalolitaka.

Kazi iko. Naandika wazi: kazi iko, ila siyo kazi yetu ya zamani. Kule nimeona eneo kubwa kuliko Kapata nzima, masanduku ya chuma yamepangwa juu ya masanduku ya chuma, na watu wachache mno. Mashine inainua yote. Msimamizi aliyetupokea alituonyesha kwa vidole: akapiga mgongo wake, akakataa kwa kichwa; akagusa macho, akagusa mikono, akakubali. Wanataka mtu anayejua kufunga mzigo usiteleze, na mtu anayejua kumwongoza mwenye winchi kwa ishara ya mikono. Wenyeji wanaotaka nafasi hizo wako wengi, na wana haki, ni nchi yao. Lakini shaba hawajaizoea, na zile nafasi mbili walikuwa wametuwekea kweli.

Walitujaribu. Mzee chini, anafunga. Mi juu ya jukwaa, natoa ishara. Nimefanya kazi hii miaka mingi na watu wengi, lakini sijawahi kufanya kazi kama siku ile. Fikirini, watu wawili ambao tangu harusi yangu hatusemezani kwa kinywa, tunajuana kwa mkono, kwa bega, kwa namna mtu anavyoinamisha kichwa. Wengine walikuwa wanapiga kelele kushindana na winchi. Sisi, kimya. Mzee alikaza, akainua dole gumba bila kuniangalia, nikazungusha mkono, mzigo ukapanda umenyooka, ukashuka kama mtoto anayelazwa. Msimamizi alipiga makofi. Akatuambia kesho ni daktari tu, kisha tutaanza.

Jioni ile mzee aliketi uani kwa dada wa Mama Tchilombo, tulikofikia, akaimba kidogo, wimbo wa wafungaji wa zamani. Mi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nasikiliza. Nilishaanza kupanga nani kati yenu nitamwita kwanza. Sitasema ni nani, mtagombana.

Kesho yake tukaenda kwa munganga wa bandari. Mama Tchilombo hakuwepo, alikuwa ameenda Benguela kuuza samaki wake. Chumba kile kilikuwa kirefu, chenye mlango wa nyuma tulioingilia na mlango wa mbele unaotazama geti. Tulisimama mstari, wanaume wa kila rangi ya nguo. Mzee alikuwa mbele karibu na daktari. Mi nilikuwa nyuma, karibu na mlango. Msaidizi wa daktari akapita akisema kwa Kireno, kisha kwa Kifaransa: vueni zote, hata ya ndani, mbaki mmesimama mstari. Walikuwa wanatafuta mshipa, ule uvimbe wa kinena ambao sisi wabebaji tunaujua vizuri. Hakuna pazia. Wanaume wote pamoja.

Wenzangu, nisemeje? Miguu ilitoka kabla ya akili. Sikungoja mtu aguse mkanda wake. Niliutazama mgongo wa mukwe wangu, bado amevaa koti langu, nikageuka nikatoka kwa mlango wa nyuma. Moyoni nilisema: aanze yeye, ndiye mkubwa, mi nitaingia na kundi la mchana. Nilikaa kwenye ukuta upande wa wauza samaki, nikangoja, tena nikiwa na furaha. Akilini nilikuwa namuona mzee ndani anapita.

Mchana nikarudi. Askari wa ule mlango wa nyuma, mwenye Kifaransa kibovu kama changu, alinizuia. Alisema anayetoka kabla ya daktari, hapa wanamhesabu ana mshipa na anauficha. Nafasi imeshapewa mtu mwingine. Nilimwambia mukwe wangu alikuwa ndani. Alicheka, akasema kila mtu ana mukwe. Nilimwomba, nikamwomba tena, akaacha kucheka, akafunga mlango. Habari ya mzee sikumuuliza. Niulize nini, na mi najua amepita?

Nilizunguka mjini nimechanganyikiwa. Niliporudi uani nikamkuta mzee amekaa kwenye kona yake, na juu ya mapaja yake kuna glavu za kazi, mpya, za ngozi. Nikajua: wamemwajiri, na hizi wamempa. Kwa kweli moyo wangu ulitulia kidogo. Angalau mmoja wetu. Nikatabasamu upande wake. Naye akatabasamu upande wangu, kabisa kabisa, kama mtu aliyepokea habari njema. Mama Tchilombo hakuwa amerudi, hapakuwa na kinywa kati yetu, na mi sikutaka kumharibia furaha yake kwa aibu yangu. Niliamua nitaondoka taratibu, nimwachie dada wa mama salamu za kumwambia.

Siku ya treni niliamka mapema, nikafunga begi, nikatoka bila kishindo. Nilipofika stesheni, mtu alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, amevaa koti la depo. Begi lake lilikuwa miguuni.

Ilibidi nimsemeze. Hakukuwa na mwingine.

"Tata, uko hapa?"

"Niko."

"Hii treni inarudia Luau."

"Minajua." Alikuwa anaangalia reli. "Na weye, tata Ngoyi? Kazi yako?"

"Haina, tata. Na yenu?"

"Haina."

Nilikaa mwisho wa pili wa benchi, mabegi yetu yakiwa katikati. Nilidhani amekutwa na mshipa, na hilo ni jambo la mwili wake. Siwezi kumuuliza. Nilimhurumia njia nzima, na nilijilaumu kwamba nimemburuza mtu mzima mpaka baharini aje aaibishwe na daktari. Kumbe naye alikuwa ananihurumia hivyo hivyo behewa la pili. Niliyajua hayo baadaye.

Kurudi Kapata

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Mvua ileile, tope lilelile, na uyoga ulikuwa umekwisha.

Bibi yangu alinipokea bila maswali, maana uso ulikuwa unasema. Aliniacha nikaoga, nikala, nikalala. Kesho yake alienda kwa tata yake kumsalimia, akakawia. Aliporudi alikuwa ameshika zile glavu. Akazitupa mapajani mwangu.

"Hizi ni zako," akasema. "Tata alikununulia kule."

Nikamwambia anakosea, zile ni za kazi, walimpa yeye. Akakaa chini mbele yangu, akanisemea polepole kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Tata anasema vile banasema batu bavue, eye alitokea mulango ya mbele. Anasema hakugeuka, juu ya haya. Anasema mutoto abakie, eye ni muzee, kazi ni ya batoto. Akanunua hizi, akangoya ku geti apate kukupatia. Halafu akakuona unacheka, akajua umepita. Njo akafunga begi arudie, asikuletee kilio mu kazi mupya."

Niliziona glavu, nikauona ule mgongo wenye koti langu, na yale matabasamu yetu mawili ya kijinga uani. Tulikuwa tumetoka pamoja, kila mtu kwa mlango wake, kila mtu kwa ajili ya mwenzake, na nafasi zetu mbili zikabaki chumbani zimesimama peke yazo mpaka wengine wakazichukua.

Bibi yangu alianza kucheka, kisha akaacha. Akauliza kwa nini hatukusemezana. Nikasema ni heshima. Akasimama kuchukua sufuria, na akiwa amenipa mgongo akasema: "Ile heshima, tutaipika na nini?"

Ninajuta, ndugu zangu. Nimefanya kazi ngumu maisha yangu yote na sijawahi kujuta hivi. Sijuti kutoka chumbani, maana hata leo ningetoka. Ninajuta lile neno dogo ambalo lingesemwa mlangoni kabla hatujaingia, neno la watu wawili wanaojua kuna daktari ndani, na ambalo halikusemwa kwa sababu ya mbuzi mmoja niliyekuwa namuahirisha mwaka baada ya mwaka. Na ninajuta mbele yenu, maana nyinyi mlikuwa nyuma yangu kwenye ule mstari, ingawa hamkuonekana.

Kwa hiyo jibu mnalo. Kazi iko, ni chache, ni ya macho na mikono, na wanaume wanavua nguo zote. Mwombeni mzee awafundishe kamba, msiache afe nazo. Glavu nimezitundika kwenye msumari wa depo, karibu na dirisha. Watakaoamua kwenda wazichukue, na waende wawili ambao hakuna aliyeoa nyumbani kwa mwenzake.

Mbuzi nimempeleka. Nilimvuta kwa kamba mpaka Kapata, mchana kweupe, kati ya zile nyumba za kampuni, na watu wakitoka milangoni kunicheka kwamba nimekuja kuoa upya. Ukweni walimpokea, wakamchinja, wakapika. Kisha wakatuweka mi na mzee kwenye mkeka mmoja, bukari moja, bakuli moja, wakatuacha. Tulinawa. Tulikuwa na haya kama vijana. Yeye ndiye aliyekata tonge la kwanza, na nilimuona kwa mara ya kwanza namna anavyokula, taratibu, anakunja vidole kama anafunga fundo.

Tulikula kidogo. Akasema, bila kuniangalia:

"Tata Ngoyi, ungenisemea tu: tata, tangulia, mi nitangoya."

"Na weye, tata, ungenisemea: mutoto, tangulia."

"Njo vile," akasema. Akachagua kipande cha maini, kile kizuri, akakisogeza upande wangu wa bakuli. Nikakila mbele yake. Machozi yalinitoka, nikamwambia ni pilipili, na mama mukwe akapaza sauti kutoka jikoni kwamba leo hakutia pilipili.